Jina Lililoandikwa Shuleni

Kariakoo, 20 Januari 1956

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mvua ililowesha magunia ya maharage dukani na shemeji yako Wilbert bado anayaanika.

Uliniomba nichague mtu wa kumtafutia mwanao Celina nafasi ya shule. Watu walinielekeza kwa Bwana Champaklal, karani wa Upanga, lakini yule hapindishi neno. Nikamchagua Mwalimu Marcelino, anayefahamiana na masista wa shule ya bweni. Alikuja nyumbani akawapa mtihani Celina na Teodora wangu. Celina alipata hesabu zote. Teodora alilia.

Mwalimu akaniambia, "Mama, nafasi ni moja. Niandike jina la nani?"

Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwake: nilimwambia apeleke karatasi ya Celina, juu yake aandike Teodora.

Jumatatu tulimsindikiza Teodora stesheni, Celina akimbebea sanduku. Treni ilipoondoka akaniuliza, "Mama mdogo, na mimi naenda lini?"

"Masista wamesema huna akili ya shule," nikamjibu.

Hakulia. Lakini sasa nikimuuliza saba mara nane anasema, "Tumngoje Teodora, yeye ndiye anayejua."

Dada, wewe nawe ni mama. Atakaporudi huko kwako Kibosho atakuuliza kama ni kweli. Mwambie ni kweli, azoee.

Pokea kanga kwa mkono wa Elisaria. Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Clotilda