Viatu vya Zamu

Kwako dada yangu Mumbua, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Nimeolewa! Ungeniona ungecheka mpaka ushike ukuta. Mume wangu anaitwa Mutua. Kabla hajaenda kiwandani Athi River ananipikia chai na kuifunika kwa sahani isipoe, na miezi miwili sasa moyo bado unaniruka kila nikisikia mlango ukifunguliwa jioni. Nilitaka barua hii iwe ya furaha peke yake. Imekataa.

Unakumbuka vile viatu vyetu? Jozi moja ya mtumba, nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo wa Mwala, nasi tuko wawili. Leo vyako, kesho vyangu. Miguu yangu ilikuwa midogo, nikawa najaza vitambaa mbele. Asiye na zamu alibaki kuchota maji kwenye mchanga wa mto huku akinung'unika.

"Leo ni siku yangu, lete hapa," ulikuwa ukiniambia. "Na utoe hizo matambara zako, zinanuka!"

Hatukuwa wa mashindano. Shule tulikuwa tumemaliza. Tulikimbia kwa sababu ilikuwa tamu tu, na hilo Mzee Kioko wa mkokoteni wa punda hakulielewa kamwe. "Ni nani amekufa, unakimbia hivyo?" alikuuliza kila mlipokutana, nawe ukamjibu, "Bado, mzee. Nikisikia nitakuambia."

Kisha nikapata kazi ya kushona mjini Machakos, ya kwenda na kurudi kila siku, na kitu cha kwanza nilichokununulia kilikuwa jozi yako mwenyewe, ya buluu. Ulilala nayo miguuni. "Sasa hakuna kungojana," ulisema. Tukaanza kukimbia pamoja kila siku, hata Jumapili baada ya kanisa, na njia tukairefusha kuelekea Wamunyu. Nilikuwa na furaha kushinda wewe.

Wiki ya tatu ukaanza kuushika mguu. Nikakuuliza unauma wapi. Uliinama ukaniwekea kidole kimoja katikati ya muundi. Nikakukanda kwa maji moto ya chumvi. "Itazoea," ulisema, nami nikaitikia, ndiyo, itazoea. Kesho yake tukakimbia.

Siku ile kwenye mteremko nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu. Nilidhani umekanyaga tawi. Nilipokimbia kutafuta msaada, Mzee Kioko aliniona kwa mbali akaanza mzaha wake. "Ni nani ame—" Hakuumaliza. Alikuwa ameuona uso wangu. Ni punda wake aliyekufikisha barabarani.

Ulipigwa plasta hadi pajani, ukalala wiki nne. Sote tuliufikiria mfupa tu. Kumbe damu ilikuwa imeganda mguuni, na asubuhi moja ikapanda mapafuni, ukatutoka ukiwa umeshika kitana, nywele umechana upande mmoja.

Daktari alimweleza baba polepole. Mfupa ulikuwa na ufa siku nyingi kabla haujavunjika, alisema, kwa sababu mfupa wa mkimbiaji hujijenga siku ya kupumzika, na wewe hukuupa hiyo siku. Tena akasema maumivu unayoweza kuyafunika kwa kiganja mara nyingi ni ya nyama, lakini ukiyaonyesha kwa kidole kimoja, acha kukimbia, nenda upimwe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Nikaelewa pale pale kwamba ile jozi moja ndiyo iliyokuwa ikikulinda. Ya pili niliileta mimi.

Miaka yote hii sijamwambia mtu. Hadi juzi. Mutua naye hukimbia, kule vilima vya Lukenya, na juzi alirudi na sanduku akilificha mgongoni kama kijana anayechumbia. Viatu vya kike, vipya, vikubwa kidogo kwangu.

"Sasa ni kila jioni, mpenzi. Mimi na wewe."

Alingoja niruke nimkumbatie. Nilikaa chini nikalia, nikamweleza yote, hadi habari ya matambara. Kisha akapandisha suruali taratibu. Alisema kuna mahali pamekuwa pakimuuma wiki mbili, na hakutaka kumtia bibi arusi wake wasiwasi.

Alinionyesha kwa kidole kimoja.

Nakuandikia kwenye benchi la hospitali. Picha imetoka sasa hivi: ufa, mwembamba kama unywele. Mfupa haujavunjika. Wiki nane bila kukimbia.

"Sasa jioni nitakuwa nikifanya nini?" analalamika.

"Utakaa na mimi."

"Hiyo naweza," amesema, na wagonjwa wote kwenye foleni wamecheka. Nami nimecheka, dada. Nampenda hadi naogopa. Na hata akipona, mguu niliopaswa kuusimamisha kwanza ulikuwa wako.

Viatu vipya nitavivaa, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nitaanza kesho. Kesho kutwa ni zamu yako. Nitaviacha mlangoni, na vitambaa nitakuwa nimevitoa.

Mdogo wako,
wa matambara