Aliyemfundisha Moraa Kuiba

Langas, Eldoret
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Mguu wako unaendeleaje? Na ule uvimbe wa goti umepungua, au bado unajifanya hauumwi ili uende shambani? Osoro aliniambia mvua imewakuta hamjamaliza kupalilia, nikasikitika kwamba mikono yangu iko mbali. Sisi huku tuko wazima wa mwili.

Osoro, ndugu yangu, wewe unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke mahali ukidhani unamkinga. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia, na Mama angesikia kilio tu asisikie maneno.

Mama, Moraa, mjukuu wako mwenye jina lako, alishikwa akiiba.

Ilianzia shuleni. Alipigana na msichana mwenzake, mwalimu akamrudisha nyumbani na kusema asirudi bila mzazi. Nikaomba ruhusa kiwandani. Supavaiza akaniuliza, "Unga utapakiwa na nani? Ukienda leo, kesho usije." Nikamwambia Moraa angoje Ijumaa. Ijumaa ikafika, nikasema ijayo. Hivyo hivyo mpaka wiki tatu zikaisha. Nilikuwa natoka asubuhi sana na kurudi giza limeingia, nikidhani yuko nyumbani anasoma.

Kumbe alikuwa akishinda kwa Anti Debo kutwa nzima. Huyu ni mwanamke mwenye duka la nguo hapa karibu na posho mill tunaposagia mahindi. Alimsuka Moraa nywele bure, akampa chakula cha mchana, nami nikaona nimepata jirani mwema. Mama, zile ndizi ulizonitumia kwa basi, nusu yake nilimpelekea huyo mwanamke. Nilimshukuru kwa mikono miwili!

Alichomfundisha ni hiki. Moraa avae uniform, aende mjini saa za lunchi, wanafunzi wakiwa wengi barabarani. Mlinzi wa duka la nguo kule anakagua akina mama wenye mikoba, hamkagui mtoto wa shule. Blauzi zinakunjwa na kuingizwa ndani ya sweta, na Anti Debo mwenyewe ndiye aliyekuwa anamfunga hilo sweta vizuri kiunoni kabla hajatoka, ili zisije zikadondoka. Jioni anaziuza dukani kwake.

Siku aliposhikwa, watu walikuwa wameshaanza kuokota mawe. Mwenye duka, mzee mmoja Msomali, ndiye aliyesimama mlangoni akakataa mtoto apigwe. Akampa kiti, akaita polisi. Mungu amweke huyo mzee.

Nilimkuta kituoni, ameketi kwenye benchi bila viatu. Nikamuuliza, "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Moraa, nani alikutuma?"

"Nimesema hakuna, Mum."

Korti ya watoto ni chumba kidogo, watu wa nje hawaingii. Hakimu alikuwa mwanamke, akaongea na Moraa polepole kama mwalimu. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, hizo wiki tatu mtoto alikuwa na nani?" Nikasema alikuwa nyumbani. "Nyumbani na nani?" Nikasema peke yake. Hakunikemea. Aliandika tu, na kule kuandika kukaniuma kuliko kukemewa.

Akaamuru Moraa akae kwenye makao ya watoto walio rumande wakati afisa wa probeshen, wale wanaochunga walioachiwa bila kufungwa, akifanya uchunguzi. Afisa huyo anaitwa Madam Jelagat. Alikuja hapa plotini tunapopanga akauliza mlango kwa mlango, na muuza mboga wetu ndiye aliyemnong'oneza habari za Anti Debo. Nilipoenda kumwona Moraa nikamwambia, "Ni Anti Debo. Mtaje tu, yaishe."

Mama, mtoto alinitazama kwa macho makavu. "Usimguse. Yeye alikuwa ananiuliza siku yangu imekuwaje. Wewe ulikuwa unaniuliza kama nimeosha sufuria."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile duka. Ilikuwa mchana, barabara imejaa watu. Unajua Langas ukipiga kelele za mwizi mara moja tu, mambo yanamalizika kabla polisi hawajavaa kofia. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni. Naye akaniona, akatabasamu. "Karibu Mama Moraa. Mtoto anaendeleaje?"

Nililimeza lile neno. Usidhani ni huruma. Madam Jelagat alikuwa ameniambia huyu mama akipigwa, kesi imekufa, na kwenye faili atabaki mwizi mmoja tu, Moraa. Nami nilitaka afike mbele ya hakimu akiwa na meno yake yote, ajibu kila swali.

Moraa alipewa probeshen ya miaka miwili. Anaripoti kwa Madam Jelagat kila mwezi, na shule imempokea. Siku ya kumrudisha nilienda naye mwenyewe. Supavaiza akanihamisha kwenye kufagia stoo. Basi, nafagia. Lakini jina la Anti Debo bado alikataa kulitaja, nami nikawa napita pale dukani kila siku nikizihesabu blauzi zake kwa macho.

Halafu jioni moja Moraa akaingia ndani, akasimama na begi mgongoni. "Mum, nimeona katoto kanatoka kwa Anti. Kamevaa uniform. Kadogo, hata miaka kumi na mbili hakana. Anti alikuwa anakafunga sweta."

Akalia mpaka akatapika. Alikuwa amedhani anapendwa peke yake.

Kesho yake tulikwenda kwa Madam Jelagat, akasema yote kuanzia mwanzo. Polisi wakapekua lile duka, na juu ya dari wakapata nguo zenye karatasi za bei za yule mzee Msomali. Walipokuwa wakimtoa Anti Debo, nilisimama kando ya barabara nimekunja mikono. Akaniita, "Mama Moraa, sisi ni majirani. Tuongee."

Nikamwambia, "Tutaongea kortini." Siku hiyo nilikula ugali nikausikia utamu, Mama. Sikuwa nimeusikia kwa miezi.

Sasa yuko nje kwa bondi mpaka kesi isikizwe. Alinitumia wazee wawili, wakaja na sukari na majani ya chai. Wakasema, "Mtoto amesharudi shule. Unataka nini tena?"

"Nataka afungwe."

Waliondoka na sukari yao. Moraa alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka akaniuliza, "Na mimi, Mum, ulitaka nifungwe?"

"Wewe nilitaka urudi."

Alikuja akaketi karibu yangu, na hakuwa ameketi hivyo tangu awe mdogo.

Mwezi ujao atatoa ushahidi. Atakuwa nyuma ya pazia la korti ili wasionane na yule mwanamke, lakini anaogopa, anaamka akijizoeza maneno. Mimi nitaketi pale nje, kwenye benchi ya mlangoni, ili Anti Debo akiingia anione na akitoka anione.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie koti lake nimelipata. Wasalimie wake wa kaka zangu, na yule shangazi anayeuza maziwa, na watoto wote wa boma. Najua barua hii utampelekea mchungaji. Mwambie namheshimu, lakini asiniombee moyo wa kusamehe kwa sasa. Amwombee Moraa sauti isimkauke siku ile. Mimi nitasamehe hukumu ikishasomwa, na hata hapo sitaharakisha.

Ni mimi binti yako ambaye hajalainika,
Kwamboka