Moshi Nyumbani kwa Eeddo Maryan

Isli, Nairobi

Aabo mpenzi,

Assalamu aleykum warahmatullah. Goti lako linaendeleaje, na mama yangu Hooyo hajambo? Mvua imefika Habaswein au mnatazama mawingu tu? Mimi mzima, alhamdulillah, ila situlii. Nikikaa nasimama, nikilala nageuka. Ni Sumeya, binti mdogo wa dada yako, Eeddo Maryan. Kifua chake hakijapona.

Unaijua kazi yangu. Naingia nyumba hadi nyumba kuuliza watu wanateka wapi maji na wanapikia nini, kisha tunaacha mashine ndogo ya kupima hewa mpaka kesho yake. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya jengo letu, na mashine moja ikakaa hapa kwa Eeddo. Nilifurahi, Aabo. Nyuma yetu huchomwa plastiki za maduka ya nguo kila jioni, nami nilitaka mashine iseme kile ambacho mwenye jengo hataki kusikia.

Matokeo yakatoka mabaya kupindukia, hata mchana, wakati hakuna anayechoma kitu. Mkubwa wangu wa kazi akaja mwenyewe. Eeddo akampokea kwa chai ya maziwa ya ngamia na Kiswahili chake: "Karibu, baba! Mashine yako nimekaa na yeye fizuri. Nimefukiza uunsi kutoka asubuhi. Mgeni hawezi kuingia nyumba inanuka, wallahi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe akina mama wote wa jengo walikuwa wameikaribisha mashine kwa udi, kila mmoja na chetezo chake pembeni yake! Mkubwa akacheka, akasema basi tuandike kwamba wanawake wapunguze kufukiza. Nikapandwa na hasira. Tukiandika hivyo, ule moto wa nyuma nani atauzima? Nikaomba tupime upya, akakubali shingo upande.

Kazi ikawa kumshawishi Eeddo. Alininunia tangu asubuhi, eti namtia aibu mbele ya watu. Mwishowe akaweka chetezo juu ya kabati, akakaa hajui mikono aipeleke wapi.

Magharibi vijana wa maduka wakawasha plastiki zao. Moshi uliingia kama mwenye nyumba. Eeddo akanusa pazia, akanusa shuka la mtoto, akanusa nywele zake mwenyewe.

"Kila siku ni hivi?"

"Kila siku, Eeddo. Ila wewe hufukiza saa hizo hizo."

Alimbeba Sumeya akaenda kukaa naye chumba cha ndani kisicho na dirisha.

Sijui kama mkubwa atayaandika matokeo mapya, na Eeddo hataki kusubiri. Namleta Sumeya mwenyewe kwa basi la Ijumaa. Nisalimie nyanya yangu Ayeeyo, na kaka yangu mchunga ngamia mwambie simu si pambo, apige. Hooyo amtengee mtoto kitanda karibu yake.

Eeddo haji. Anasema hataondoka hapa mpaka moto ule ukome. Jana jioni alishuka peke yake na ndoo ya maji. Vijana wa maduka walimcheka, lakini walisogea.

Ni mimi binti yako,
Hibo