Dirisha la Chumba cha Wazazi

Ijumaa, katikati ya masika.

Mvua imeanza asubuhi, ikakatika kidogo wakati wa sala, na sasa inanyesha tena. Meza nimeisogeza mpaka ukuta wa ndani, kwa sababu upande wa dirishani sakafu imelowa. Nina muda kidogo kabla sijaitwa. Leo nataka kuandika ukweli wote, hata ule unaonihusu mimi.

Dirisha la chumba cha wazazi lilivunjika Jumamosi iliyopita. Nilijua litavunjika.

Zahanati yetu hii ndogo, upande wa Nkowe, ina dirisha moja tu la kioo. Fremu yake ya chuma ilitoka Nachingwea, kwenye mojawapo ya nyumba walizoziacha Wazungu wa mradi wa karanga shughuli yao ilipopungua. Kioo ni kimoja kikubwa, na nje hakuna ubao wa kufungia. Walipolileta watu walikuja kulitazama. Mimi mkunga nililifurahia kuliko wote, maana mwanamke akijifungua mchana sikuhitaji tena kuwasha taa ili nione ninachofanya.

Kiangazi kilichopita walimleta mgonjwa kwa machela, na mti mmoja wa machela ukakigonga kioo. Kikapata ufa kutoka kona hadi kona. Nikaubandika kwa plasta ya vidonda, mistari miwili iliyopishana. Plasta ikashika. Mvua za kwanza zilipokuja nikaona pembeni imeanza kubanduka. Nikajiambia nitaibadilisha. Kila siku nilipita pale nikiwa na beseni mkononi, nikaiona, nikasema kesho.

Sikuibadilisha.

Jumamosi ile chumbani alikuwamo Somoe, msichana wa kijiji hiki hiki, mzazi wa mara ya kwanza. Alikuwa amejifungua Ijumaa, mimba ya miezi saba. Mtoto wa kiume. Nikimlaza kwenye mkono wangu, kichwa kikiwa kiganjani, miguu haifiki kwenye kiwiko. Nilimzungushia pamba mwili mzima, nikamwekea chupa za maji ya moto pembeni, nikamwambia Somoe asimfunue hata kidogo. Mama yake Somoe, ambaye hapa wote tunamwita Binti Saidi, alikaa chini karibu na kitanda.

Upepo ulikuja mchana. Kioo kiliingia ndani chote kwa mara moja. Vipande vingine viliangukia blanketi la Somoe, karibu na miguu yake. Hakukatika mtu, namshukuru Mungu. Mvua ikawa inaingia mpaka kitandani, na mimi nimeinama nikiokota vigae kwa kitambaa kilicholowa, nikisikia yule mtoto analia kwa sauti ndogo mno.

Tulianza na boksi la dawa. Bwana Issa, dresa wetu anayefunga vidonda, alilikata kwa kisu likaingia sawasawa kwenye fremu. Kabla ya jioni lilikuwa limelegea kama ugali wa maji, likaanguka.

Jumapili nikakumbuka kitu nilichokiona mafunzoni, karatasi iliyopakwa mafuta. Nikachukua karatasi ya kahawia ya kufungia vitu, nikaipaka mafuta ya ufuta pande zote mbili, nikaianika jikoni. Gundi nikapika ya unga wa muhogo. Tulipoibandika, mwanga ulipenya kwa rangi ya asali, na matone yakawa yanateleza nje bila kuingia. Somoe alicheka kwa mara ya kwanza. Nilijiona nimeweza.

Jumatatu asubuhi panya walikuwa wamekula gundi karibu upande mzima. Karatasi ilikuwa inapigapiga kwa upepo. Hilo lingekuwa dogo. Lakini sisimizi walikuwa wamefuata mafuta, wakapanga mstari ukutani, wakashuka mpaka kitandani, wakaingia kwenye pamba ya mtoto.

Niliwaokota mmoja mmoja shingoni mwake. Alikuwa na alama tatu nyekundu. Somoe ananitazama, na mimi siwezi kumtazama.

Mchana ule ule Bwana Issa alikata debe la mafuta ya taa, akalikunjua, akaligongelea kwa misumari kwenye mbao nne. Mvua ikakoma kuingia, isipokuwa chini kidogo. Lakini chumba kikawa giza. Na mimi kila saa nilitakiwa kumwangalia mtoto midomo, kama imekuwa ya bluu au la. Nikileta taa karibu, moshi wake unamkohoza. Nikimpeleka mlangoni penye mwanga, baridi inampiga. Nilikuwa nikigusa tu, nikikisia.

Jumanne Bwana Issa alipanda baiskeli akaenda Nachingwea. Sikumwomba, alisema mwenyewe. Alikuwa amesikia kuna fundi huko ana vioo vya zile nyumba. Aliondoka na vipimo vya dirisha kwenye kipande cha bendeji alichokifunga mafundo mawili, na blanketi la kufungia kioo.

Alirudi Jumatano mchana, matope mpaka kiunoni. Alilala njiani kwa watu, na mahali pengi aliibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Alilifungua blanketi mezani polepole. Kioo kilikuwa vipande viwili.

"Kimepasukia karibu kabisa," alisema. "Pale penye mtelemko. Nilisikia."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akabaki anaangalia viatu vyake. Nilimpa chai. Tulijaribu kuviunganisha vile vipande na kuvibana kwa plasta, lakini fremu haikuvikubali, na plasta haishiki kwenye kioo chenye maji. Tukarudisha debe.

Jioni ile ile Binti Saidi alisimama mbele yangu. Yeye husema Kimwera, na Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi sokoni, kwa hiyo hupanga maneno machache, moja baada ya jingine.

"Nesi. Mtoto baridi. Hapa upepo. Nyumbani moto upo. Tunakwenda."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtoto wa namna hii hatoki zahanati, ndivyo nilivyofundishwa. Nikamweleza habari ya moshi, ya uchafu, ya njia yenye mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Akifa njiani," nikasema, "watu watasema mkunga alimwachia."

Akanitazama. "Na akifa hapa, watasema nani?"

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli. Sikumkatalia kwa ajili ya mtoto peke yake. Niliogopa. Katika nchi nzima hii ya kwetu tumesomea ukunga mimi na wenzangu wachache, na kuna wazee wanaongoja nikosee waseme binti zao wasije tena. Nilimzuia yule mama kwa sababu nilitaka, jambo baya likitokea, litokee mahali penye daftari na kipimajoto.

Jana, Alhamisi asubuhi, niliondoa debe ili nimwone mtoto vizuri. Nilimwona. Miguu yake ilikuwa kama imetoka mtungini. Kipimajoto hakikupanda. Nilimsugua, nikabadilisha chupa, nikamlaza kifuani kwa Somoe, naye Somoe mwenyewe alikuwa anatetemeka, kwa kuwa upepo ulikuwa unapita chumba kizima. Nikarudisha debe, na giza likarudi nalo.

Niliingia stoo, nikafunga mlango, nikalia. Sijalia hivyo tangu alipokufa mama, nyumbani kwetu Mtua.

Bwana Issa aligonga. Hakuingia. Alisema tu kutoka nje, "Dada, waache waende. Hapa tumeshafika mwisho wetu."

Nikatoka nikawaambia waende.

Binti Saidi hakuonyesha furaha wala ushindi. Alikaa akafungua kaniki yake, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga nguo mbili juu yake mpaka asionekane. Somoe tulimpakia kwenye baiskeli, Bwana Issa akaisukuma. Mvua ilikuwa imepumzika. Nyumba yao haiko mbali, lakini nilisimama barazani mpaka walipopotea kwenye mikorosho, na hata baada ya hapo.

Usiku sikulala vizuri. Nilingoja kusikia watu wanakuja kuniambia.

Hakuja mtu. Leo mvua ilipokatika wakati wa sala nikaenda mwenyewe.

Nyumba yao ni ya udongo, ina mlango mmoja, na dirisha haina. Nilipiga hodi, nikainama kuingia, na kwanza sikuona kitu. Joto tu. Makaa yalikuwa katikati, bila moshi mwingi kama nilivyofikiri. Somoe alikuwa amelala, safari hii usingizi wa kweli. Binti Saidi alikuwa amekaa vile vile, miguu ameinyoosha, kaniki imevimba kidogo kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo. Gusa."

Nikaingiza mkono chini ya kaniki. Nikatafuta miguu. Ilikuwa na joto. Nikaweka kidole changu mdomoni mwa mtoto, akakinyonya mara mbili, akaacha, akakinyonya tena. Somoe humkamulia maziwa kwenye kikombe, na bibi yake humtilia kwa kijiko, matone machache kila mara.

Nilikaa pale muda mrefu mkono wangu ukiwa chini ya nguo ya mwanamke mwingine, nisitake kuutoa. Nilikuwa nimekuja na maneno tayari. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumchelewesha. Nilitaka pia, naona haya kuliandika, akosee jambo lolote dogo ili nimfundishe.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Nesi, ataishi?"

Aliuliza kwa sauti ya chini ili Somoe asiamke. Hapo nikaelewa kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Siku zote nilidhani ananipinga kwa sababu anajua kitu nisichokijua. Kumbe alikuwa anaogopa kama mimi, ila yeye alikuwa na makaa. Alinitazama akingoja, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

"Sijui, mama," nikasema. "Leo ni mzima. Cha leo ndicho ninachokijua."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia nije tena kesho nimguse. Nikasema nitakuja.

Nimerudi zahanati nikiwa nimelowa, na nikakuta mke wa fundi baiskeli ameshalazwa kitandani kwa Somoe. Uchungu umeanza asubuhi. Ni mimba yake ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya kidogo, nimemgeuza lakini siamini kama amebaki nilipomweka. Nyumbani hawezi kurudi. Huyu ninatakiwa kumwona vizuri kwa macho, na chumba ni giza.

Tumezunguka na Bwana Issa tukitafuta kitu. Karatasi imebaki lakini siitaki tena karibu na mtoto. Vile vipande viwili vya kioo viko chini ya meza. Mwisho akaleta turubai kuukuu la kufunikia magunia ya ufuta. Akasema saa ikifika ang'oe debe, yeye asimame nje ameupa ukuta mgongo asije akaona ndani, ashike turubai juu ya kichwa kwa mikono miwili, liwe kama baraza. Mvua imwagikie huko nje, mwanga upite chini yake.

Nimemwuliza kama hana njia nyingine ya kulifunga. Amesema mahali pa kupiga msumari hapapo, ukuta umelowa wote na unamomonyoka.

Kwa hiyo ndivyo tutakavyofanya. Naomba tu ajifungue kabla jua halijazama, maana baada ya hapo hata mikono ya Bwana Issa haitanisaidia.

Mzazi anaita sasa. Bwana Issa ameshatoka nje, namsikia anang'oa misumari. Mimi na yeye sote tunajua uchungu wa mimba ya kwanza huchukua muda gani, na hakuna kati yetu aliyelitaja.