Jina la Jakob

Silberthal, Manitoba
14 Oktoba 1945

Mwanangu Dietrich,

Pokea salamu zetu sote. Baba yako mzima, ila mgongo. Bibi yako Sara mzima, masikio tu ndiyo yamegoma. Anakusalimu kwa kelele. Dada yako Neta mzima, mumewe mzima, mtoto wao ameota jino. Hata ng'ombe hawajambo. Nawe u hali gani huko kambini kwenye miti yenu? Soksi zilifika?

Mwanangu, nina shida. Mjini wanasimamisha jiwe la waliokufa vitani. Karani alikuja tutie sahihi, jina la ndugu yako Jakob lichongwe. Baba yako akamjibu, "Kamuulize aliyempa bunduki," akaenda zake zizini. Kanisani, kwa kuwa sisi hatushiki silaha, walimfuta siku ile ile alipovaa sare. Sasa ni jiwe tu linalomtaka. Nitie sahihi? Wewe uliyekataa vita ukapelekwa kupanda miti, niambie.

Mama yako


Kambini, 27 Oktoba 1945

Mama mpendwa, shikamoo.

Mimi mzima, viganja tu vimechubuka. Soksi zina joto, ahsante.

Usitie sahihi. Jiwe lile litamfundisha mtoto wa Neta kwamba kuua ni sifa.

Siku tulipoachana stesheni Jakob aliniambia, "Kaa na miti yako, mwoga we." Nikamjibu, "Nenda, na usirudi." Hakurudi, Mama. Usiniulize tena habari zake.

Mwanao, Dietrich


Silberthal, 12 Novemba 1945

Mwanangu,

Sote wazima. Sahihi sikutia.

Lakini juzi nilioka mikate ya matanga, ile ya vichwa viwili, maana Jakob hakuokewa. Jana ibada ikiwa katikati nikainuka nikatoka. Bibi yako akapaza sauti kanisa zima, "Anakwenda wapi huyu, kahawa tayari?" Watu wakacheka. Nikaenda kusimama nje ya ua wa lile jiwe, walipokuwa wakiwakumbuka waliokufa vitani. Tarumbeta ilipokoma, nikawagawia mikate waliofiwa. Mama mmoja Mwingereza akaniuliza, "Nawe umefiwa na nani?" Nikasema, "Jakob wangu." Tangu barua ya kifo sikuwa nimemtaja mbele za watu. Mkate mmoja nikauweka kando, wa kijana Mjerumani aliyempiga risasi. Huenda naye amekufa, akimwita mama yake kwa Kijerumani, lugha yetu hii.

Jioni akaja mzee wa kanisa. Nikajua nafukuzwa. Akala mkate, akasema, "Jumapili ya Wafu, tarehe ishirini na tano, nitamsoma pamoja na wafu wetu. Ila desturi unaijua, mama: waliokosana naye wamsamehe kwanza." Baba yako akasema, "Mimi nimemsamehe." Akalia. Sijapata kumwona hivyo.

Umebaki wewe.

Sasa nikuambie nililokatazwa. Sufu ya soksi zako aliituma Jakob, akiwa bado Uingereza. Aliandika, "Mfumie Dietrich, huko milimani kuna baridi. Usimwambie, atazivua."

Usizivue, mwanangu. Neno moja latosha. Barua huchukua siku tano; andika upesi, andika leo.

Mama yako