Nimejichora ‘Mama Daktari’, na kifungua mimba wangu anahama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana ukiisha nitakuwa nimechelewa. Safu yako huwa nasomewa na wateja wakisubiri nguo zao, ila leo nimeona niandike mwenyewe, na kama mwandiko umepinda nisamehe, shule niliishia ya msingi, lakini mkono wangu kwenye kitambaa haupindi, uliza mtu yeyote mtaani kwetu ni nani anashona sare ambazo mtoto anamrithisha mdogo wake bila mshono kuachia, utaletwa mpaka mlangoni kwangu.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, na nina watoto wawili. Wa kwanza ni msichana, tunamwita Kasuku kwa sababu utotoni alikuwa hanyamazi, anaongea hadi na vifungo. Wa pili ni mvulana, na huyo, mshauri, mimi si mtu wa kujisifu, lakini huyo ni daktari. Si wale wanaouza dawa dukani watu wakawapa cheo, huyu ni daktari kabisa, ana koti jeupe na kile chombo cha kusikilizia moyo shingoni, na mgonjwa aliyekuwa analalamika akimwona tu anaanza kujieleza vizuri. Siku ya mahafali yake nilivaa gauni nililolidarizi mwenyewe wiki mbili nzima, na picha yetu mimi na yeye ipo ukutani juu ya meza ya kukatia, kubwa kama dirisha, mteja hawezi kupimwa kiuno bila kuiona. Kasuku ndiye aliyetupiga picha hiyo, ana jicho zuri. Hata koti jeupe la kwanza la mdogo wake alilishona yeye, mifuko mitatu, kola imesimama kama imepigwa wanga.

Sasa sikiliza nilivyojiharibia. Miezi minne iliyopita nilimpelekea Daktari chakula kazini kwake, nikafika getini mlinzi akanizuia.

“Mama, muda wa kuona wagonjwa bado.”

“Sijaja kuona mgonjwa, baba. Mimi ni mama yake daktari.”

“Wewe leo ni wa tano. Kila anayetaka kupita hapa ni mama yake daktari.”

Watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikasimama pale na hotpoti yangu mkononi kama niliyekuja kuomba. Nikageuka zangu. Ng’ambo ya barabara kuna jamaa anachora tatuu, chumba chake kipo nyuma ya saluni ya kunyolea, nilikuwa nikipita pale kila mara na kusema haya ni mambo ya wahuni. Siku hiyo niliingia. Nikamwambia niandikie MAMA DAKTARI, herufi kubwa, mkono wa kushoto, kuanzia karibu na kiwiko mpaka karibu na kiganja, isomeke kutoka getini. Akaniuliza, “Mama, umelifikiria hili?” Nikamjibu nimelifikiria tangu siku nilipomzaa. Akaniuliza kama nina ugonjwa wowote. Nikasema sina, na sukari ninayo mwaka wa sita huu.

Nilitoka mkono umefungwa plastiki, unawaka moto, lakini kichwa juu. Nikaenda moja kwa moja dukani kumwonyesha Kasuku. Cherehani zetu zinatazamana, tumekaa hivyo miaka mingi, yeye akiinua macho ananiona mimi na mimi nikiinua namwona yeye. Aliondoa mguu kwenye pedali, akasoma polepole kama mtu anayesoma vipimo vya mteja mgeni, akaniuliza, “Kwani Mama Kasuku alikufa lini?”

Nikacheka, nikadhani ni utani wake. Nikamwambia, “Acha wivu, wewe mtu mzima.” Akaendelea kupinda sketi.

Mshauri, mimi naitwa Mama Kasuku tangu nina miaka kumi na tisa. Marehemu baba yao aliniita hivyo mpaka siku ya mwisho, na kibao cha mlangoni kinasema Mama Kasuku Ushonaji. Alipofariki baba yao Kasuku alikuwa kidato cha pili, na darasani alikuwa mwepesi kuliko mdogo wake, hilo nalisema leo kwa mara ya kwanza. Nilimwomba akae nyumbani muhula mmoja tu anisaidie sare za mwanzo wa mwaka. Muhula huo haujaisha mpaka leo, na ana miaka thelathini na mbili.

Tangu siku ile haniiti tena Mama. Ananiita Mama Daktari, kwa adabu kabisa, kama mteja. “Mama Daktari, uzi mweusi umekwisha.” “Mama Daktari, mwenye suruali yake amefika.” Nikimwambia aache hayo ananijibu, “Si ndivyo ulivyoandikwa?” Zaidi ya hapo hana neno, yeye ambaye nilikuwa namwomba anyamaze nisikie redio.

Daktari mwenyewe hakufurahi. Alinishika mkono akaugeuza geuza, akauliza, “Mama, sindano aliitoa kwenye pakiti mpya mbele yako?” Nikasema sikuangalia. “Ulimwambia una sukari?” Nikauvuta mkono wangu. Kidonda kilichukua wiki saba kupona na ile I ya mwisho imevimba hadi leo, ukiipapasa ni kama mshono uliokunjamana. Halafu akasema, “Mama, mimi sikukuomba hiki kitu. Dada amekionaje?” Basi hata yule mlinzi, nilirudi nikamfunulia mkono, akasoma, akasema, “Mama, hata mimi naweza kuandika Rais kwenye paja. Muda wa kuona wagonjwa bado.”

Mkono wa kushoto ndio unaosukuma kitambaa chini ya sindano, kwa hiyo siku nzima maandishi yanakwenda na kurudi mbele ya macho ya mwanangu. Nimejaribu mikono mirefu, joto likanishinda. Nimesugua na jiwe la kuogea na maji ya limau, ngozi imechubuka na jina liko pale pale.

Wiki iliyopita Kasuku aliniambia amepata kazi kwenye karakana ya sare mji mwingine, anaondoka mwezi ukiisha. Mkasi wake ameshautungua kwenye msumari. Nilikimbilia kwa mchoraji, akapima, akasema chini ya maandishi imebaki nafasi ya vidole viwili, jina la Kasuku litaenea kama likiandikwa dogo. Je, niliandike? Au nitafute mtu aniunguze nifute yote? Sitaki mwanangu aondoke na kinyongo, na kama inawezekana asiondoke kabisa.

Ni mimi,
Mama Daktari (zamani Mama Kasuku)

MSHAURI ANAJIBU

Mama Kasuku,

Hiyo “zamani” uliyoiweka kwenye saini ndiyo ya kwanza kuifuta, na hiyo haihitaji sindano wala limau.

Pole kwa kidonda, na pole kwa getini. Kuchekwa mbele ya foleni kunauma, na mama aliyemlea daktari peke yake ana haki ya kutembea kifua mbele. Lakini nitakusema, maana ndicho ulichoniandikia. Wewe ni fundi. Mteja akikuletea kitambaa cha gauni la harusi unakitandaza, unakipima, unakipima tena, unachora chaki, unamwita mwenyewe aje ahakikishe, ndipo unagusa mkasi. Ngozi yako, ambayo huwezi kwenda kuinunua nyingine, uliipeleka ikachorwa kwa hasira uliyotiwa na mlinzi ambaye hata jina lake hulijui. Na ulipoulizwa swali la maana kuliko yote, ukadanganya. Mwenye sukari hachezi na kidonda. Ungeweza kupoteza mkono huo unaokulisha na kukupa sifa.

Na wewe msomaji mwingine unayesoma hapa huku umeshachagua tatuu yako, tulia kidogo. Iandike kwenye karatasi, uibandike pale utakapoiona asubuhi na jioni mpaka mvua zije na kuondoka. Ukiona bado unaipenda, muulize daktari kwanza kama mwili wako unaruhusu, kisha nenda kwa mchoraji na ukodoe macho sindano ikitolewa kwenye pakiti. Lakini kabla ya yote hayo tazama watu wanaokaa mbele yako kila siku, maana hao ndio watakaoisoma. Wewe mwenyewe utaizoea mpaka uisahau.

Narudi kwako, mama. Jina la Kasuku usiliandike kwenye hiyo nafasi ya vidole viwili. Unajua vizuri kuliko mimi kitambaa kilichobaki huwa kinashonwa nini. Amekaa kwenye nafasi iliyobaki miaka kumi na sita, usimchoree na ramani yake. Kusugua uache leo hii. Mwambie mwanao Daktari akupeleke kwa daktari wa ngozi. Kufuta kupo, ila ni kwa awamu nyingi, kunauma, kunaweza kuacha kovu, na kwa sukari yako aamue mtaalamu. Huenda ukaishi na maandishi hayo mpaka mwisho. Ndiyo hivyo.

Ila nikuambie ukweli, binti yako haondoki kwa sababu ya wino. Wino umemwonyesha tu kwa herufi kubwa kitu alichokuwa akikisoma siku nyingi. Ile picha kubwa kama dirisha, yeye yuko wapi? Yuko nyuma ya kamera. Umenisifia kola ya koti alilolishona, hukuniambia kama uliwahi kumshukuru. Barua nzima umeomba asiondoke, hukuandika hata mstari mmoja kuuliza yeye anataka nini.

Fanya hivi. Funga duka siku moja kabla mwezi haujaisha, funika cherehani zote mbili, ukae upande wake wa meza. Lile neno ulilolisema kwangu kwa mara ya kwanza, kwamba alikuwa mwepesi darasani na wewe ndiye uliyemtoa, kamwambie mwenyewe, asije akalisoma gazetini kabla hajalisikia kwako. Usitie “lakini” hata moja. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Akikaa kimya, nyamaza naye. Ile “acha wivu” uiombee radhi kwa kuitaja yenyewe.

Kisha muache aende. Msamaha unaotolewa ili mtu abaki ni kamba tu. Na asiende na mkasi peke yake, mpe na cherehani anayoshonea, ni yake tangu zamani, wewe tu ndiye hujamwambia. Nafasi itakayobaki mbele yako itakuuma kila ukiinua macho. Iache iume.

Na kuanzia kesho asubuhi, wakati bado yupo, mteja akisoma mkono wako akakupongeza, mwambie Daktari ni wa pili, wa kwanza ni huyu hapa, ndiye aliyenipa jina la mlangoni na ndiye aliyemshonea mdogo wake koti. Useme kwa sauti ile ile uliyotumia getini. Asikuitikie, sawa. Wewe useme tu, na kwa mteja anayefuata useme tena.