Mahali pa Kazi Wameandika "Hana"

Mama,

Shikamoo kwanza, usije ukasema nimepoteza adabu. Halafu unisikilize mpaka mwisho bila kunikatiza, maana nimekasirika, na hasira hii sina mwingine wa kumpelekea.

Nimepata cheti chako cha kifo. Jina lako wamelipatia, kijiji chako cha Rufiji wamekipatia. Penye kazi wameandika "Hana". Hana! Wewe! Mwanamke aliyeloweka mchele kila siku ya Mungu, akautwanga, akautia tui, na watu wakitoka msikitini alfajiri wanakukuta kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu unageuza vitumbua. Makuli wa bandarini walikuwa hawaendi kazini bila kupita kwako. Ile wiki ulipougua malaria walikuja mpaka mlangoni kukujulia hali, na mmoja akauliza chuma cha vitumbua kiko wapi akaange mwenyewe. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Na huyo karani aliyeandika unamjua. Yule mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Miaka yote chai yake ilikuwa kwa vitumbua vyako. Kona yako nimeishika mimi sasa, na siku ile nilipokwenda kuandikisha kifo chako alikuwa anakula vyangu, viwili, kwenye kipande cha gazeti. Pembeni ya hilo neno kwenye cheti pana doa la kidole chake, mafuta ya vitumbua, Mama! Anakula kazi huku anaandika hakuna kazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye haki kaila na chai.

Mtaani mambo yamebadilika tangu uondoke. Siku hizi mgambo wanapita na lori wakiuliza kila mtu kitambulisho cha kazi. Mwajuma, mwenzio aliyekuwa akiuza uji, ameingia kiwanda cha nguo. Anafagia. Kadi yenye picha inaning'inia shingoni, nadhani hata akienda kuoga. Hana raha. Anasema mgongo wake ulizoea kuinamia sufuria lake mwenyewe. Lakini mgambo wakimwona wanampisha.

Bi Hidaya, msuka mikeka, hawakumpisha. Walimkuta barazani kwake na ukili mapajani, wakamwita mzururaji. Hebu niambie, mzururaji gani anazurura ameketi? Wakampandisha lori, eti akalime kijijini kwao. Kijiji gani? Bibi wa watu kazaliwa hapahapa mjini, mtaa wa Gerezani, jembe halijui. Mkeka wake ambao haujaisha umebaki kwangu, na mimi kusuka sijui.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Yule karani nimemtukana mtaa mzima, wiki nzima. Jana nikiwa nasugua chuma ndipo nikakumbuka. Aliniuliza. Aliinua kichwa, mdomo umejaa, akaniuliza: "Marehemu alikuwa na kazi?" Na mimi, mwanao, niliyelishwa na kusomeshwa mpaka darasa la saba kwa chuma hichohicho, nikajibu: "Hapana, alikuwa anakaanga vitumbua tu."

Mimi, Mama. Mdomo wangu huu.

Na nimeyatoa wapi maneno hayo? Kwako! Hapo ndipo nina hasira na wewe. Mgeni akikuuliza unafanya kazi gani, ulikuwa unafuta mikono kwenye kanga na kusema, "Aa, mie sina kazi, nakaanga vitumbua tu." Kazi ilikuwa ya baba, hata ile miezi aliyokosa kibarua bandarini tukawa tunakula vitumbua asubuhi, mchana na jioni. Kwa nini ulitufundisha kusema hivyo? Nimekulaumu mpaka nikalia. Nisamehe. Kisha nikajilaumu mwenyewe, na hapo sijapata wa kunisamehe.

Leo asubuhi wamekuja kwangu. Mgambo wawili, lori linaunguruma nyuma yao. Mmoja akasema, "We dada, kazi yako nini?" Wallahi ulimi ulitaka kwenda wenyewe kwenye lile jibu lako. Nikalimeza. Nikamwambia, "Mkaanga vitumbua. Na mama yangu alikuwa mkaanga vitumbua, hapahapa." Kijiti cha kugeuzia kikaniponyoka, kikaanguka makaani. Makuli waliokuwa wakinunua hawakuondoka. Mmoja akawaambia, "Mkimchukua huyu, meli mtapakua nyie?" Wakaangaliana. Wakasema wakirudi wiki ijayo wanikute na kitambulisho, la sivyo nipande lori.

Kwa hiyo Jumatatu nakwenda kwa karani. Sitampelekea hata kitumbua kimoja. Nitaweka cheti chako mezani, nitamwambia nilikosea mimi, yeye akakubali upesi mno, basi tusahihishe wote wawili. Aandike: mkaanga vitumbua. Halafu achukue karatasi nyingine aniandike na mimi hivyohivyo, niwaonyeshe wenye lori. Akikataa, nitarudi Jumanne. Nitarudi na makuli. Nakuahidi, Mama, neno hilo halitakaa kwenye jina lako.

Pumzika sasa. Kaburi lako nimelipalilia, na chuma chako hakijashika kutu. Mungu akupe kauli thabiti huko uliko. Na ukiulizwa duniani ulikuwa ukifanya nini, tafadhali, usifute mikono ukasema ulikuwa unakaanga vitumbua tu.

Mwanao,
Zena